Mashine Iliyokaa Eda Nami

Siku nilipoingia kwa mume wangu nilikuta kitu chumbani ambacho hakuna mtu aliyenitajia wakati wa posa. Kilisimama pembeni, palepale nilipokuwa nimekwisha kupapangia kabati langu la kioo, kimefunikwa gunia na juu ya gunia turubai. Bwana harusi alikifunua taratibu, akasimama kando anisikilize nitasema nini. Lilikuwa tangi la chuma lenye magurudumu mawili na mkono wa kukokotea. Juu ya tangi ilikaa injini ndogo ya petroli, na ubavuni mwa injini kulikuwa na pampu, vyote viwili vimefungwa pamoja kwa mkanda. Nilimwuliza kama kitalala humohumo na sisi. Akasema ndiyo, kwa sababu ya wezi.

Siku hizi vijana wanaita kompresa. Sisi wa Temeke, miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, tuliita mashine ya upepo, na kwa kuwa ilikuwa moja tu upande wetu wa barabara ya Kilwa, watu walisema "nenda kwa mwenye upepo" na hakuna aliyeuliza ni wapi. Mume wangu aliinunua mnadani, kambi moja ya wajenzi wa barabara ilipovunjwa. Kabla jua halijachomoza aliikokota hadi kando ya barabara na kuiwasha, ili malori ya kusini yakipita yasimame yajaze magurudumu. Mlio wake ulinitoa usingizini kila siku ya Mungu. Wanawake wenzangu uani kwao waliamshwa na jogoo, mimi niliamshwa na chuma kinachokohoa. Niliuchukia mlio ule, na nilimwambia hivyo mume wangu zaidi ya mara moja.

Jioni yake ilikuwa kazi nyingine. Mashine hailazwi tu kama baiskeli. Kwanza alifungua skrubu iliyo chini ya tangi, na maji ya rangi ya chai yakachuruzika kwenye kopo. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu aliyemwaga maji ndani kwa uhasidi. Alicheka sana, akaniambia upepo wa pwani umejaa maji, ukibanwa unayatema, na yakiachwa humo yanalila tangi hadi litoboke. Kisha alilegeza mkanda, akatoa petroli iliyobaki, akatundika mpira wa kupitishia upepo ukutani badala ya kuukunja, na akaziba mdomo wa pampu, pale inapovutia hewa, kwa kitambaa, kwa maana nyigu wa udongo wakiona tundu hawaulizi la nani. Mwisho aliinyanyua juu ya mbao mbili isikanyage sakafu. Nilimtazama akifanya yote hayo huku nanung'unikia harufu ya petroli kwenye shuka zangu. Sikujua kama nilikuwa najifunza.

Masika moja alirudi na homa, na homa haikushuka. Sina mengi ya kusema hapo. Alizikwa mvua ikinyesha, na mimi nikabaki chumbani na mashine yake.

Kwetu Waislamu mwanamke aliyefiwa hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, havai la kupendeza, hatii wanja wala hina wala manukato, na nywele zake hazipakwi mafuta. Shangazi yangu alihamia kutoka Mbagala kuja kunikalisha. Alikuwa mama wa watu, mnene, mwenye miguu mibovu na sauti nzuri, na aliyajua mambo ya eda kuliko kadhi. Alikigeuza kioo cha kabati kikatazama ukuta, akaniletea kaniki mbili, akaketi mlangoni na kusuka ukili wake wa mkeka.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliishi Boko kwenye minazi yake. Hitima ilipokwisha alikuja kusema nami, yeye akiwa ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe.

"Shemeji," alisema, "banda hili ni la kupanga. Ukimaliza eda shangazi yako atakuchukua Mbagala, utapumzika. Vitu tutavigawa kama sheria inavyosema. Mashine nimeshampata mtu wa kuinunua."

"Mashine haiuzwi," nilisema.

Nilimsikia akijisogeza kitini. "Utaifanyia nini?"

"Alichokuwa akikifanya mwenyewe."

"Barabarani, na madereva?"

"Barabarani, na madereva."

Shangazi aliacha kusuka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalifikiria neno lile mpaka lilipotoka mdomoni, lakini lilipokwisha kutoka nililiona ni la kweli. Mbagala nilipajua. Ningekwenda kukaa kwenye mkeka wa watu, nile chakula cha watu, na kila ambaye angekuja kuniposa ningeambiwa nishukuru. Nilikuwa bado kijana, mikono yangu mizima, na kitu pekee nilichokuwa nimejifunza katika ndoa yangu mbali na kupika kilikuwa pale pembeni kimefunikwa turubai.

Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo fungu langu lilikuwa robo. Nilimwambia shemeji robo yangu iwe mashine. Kitanda, baiskeli, hata kiwanja cha marehemu cha Boko, wachukue wao. Akatoa sharti lake. Mashine ni mali ya marehemu, isitoke nje ya ua hadi mgawanyo. Asubuhi ya kutoka eda atakuja na ndugu zake wawili kwa lori la nazi. Ikijaza gurudumu la lori mbele yao, ni yangu na hatasema neno tena. Isipojaza, wataipakia kwenye lori lilelile waipeleke kwa mnunuzi, nami nitakwenda zangu Mbagala na robo ya fedha.

"Na iwe alasiri basi, tukiwa tumetulia," shangazi alimwambia.

"Lori linarudi Boko asubuhi," alijibu. "Na mashine ya kazi haichagui saa, shangazi. Malori yanapita asubuhi."

Katika hilo alikuwa na haki. Nilikubali.

Basi nikaanza kuilaza mashine kama alivyoilaza mwenyewe, ila mimi niliilaza mchana na usiku. Masika yale sakafu ya udongo ilitoka jasho, viatu viliota ukungu mweupe, na chumvi ya chumbani ililowa kwenye kibuyu. Nilihamisha mbao nikaziweka karibu na ukuta wa jikoni, palipokuwa na joto. Niliifungua skrubu ya tangi ingawa mashine haikufanya kazi, nikatoa kila tone. Kila asubuhi baada ya sala nililizungusha kwa mkono gurudumu la pampu, lile linalovutwa na mkanda, mizunguko michache, isisahau.

Ndipo nikaona doa jeusi sakafuni. Pampu ina tumbo lake chini, ambamo oili hukaa ili pistoni iogelee, na nati ya tumbo lile ilikuwa imelegea. Niliikaza kwa spana, lakini oili ilikuwa imeshatoka karibu yote, na kopo la oili alikuwa amelichukua shemeji pamoja na vifaa vingine avitunze. Kumwomba sikutaka. Angesema, ndiyo kwanza wiki tatu na tayari inakushinda.

Shangazi ndiye aliyelitatua. Alikuwa ameniletea kutoka Mbagala chupa mbili za mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe, masafi, yanayong'aa, kisha akakumbuka kwamba eda hairuhusu. Zikakaa dirishani nyuma ya pazia.

"Kichwa chako hakiruhusiwi," alisema, "lakini chuma hakina eda. Chuma kinapenda mafuta."

Tuliyamimina karibu chupa nzima tumboni mwa pampu, na yaliyobaki nikayadondosha kwenye mdomo wake ili yafike hadi kwenye vali. Nilizungusha gurudumu likaenda laini kabisa. Chumba kikanuka maandazi badala ya petroli. Tulifurahi sana siku ile, mimi na yeye, tukajiona tumemaliza ufundi wote wa duniani.

Marehemu alikuwa na rafiki, fundi wa magari katika karakana moja ya mjini. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye maswali mengi. Yeye ndiye aliyeitengeneza mashine tangu iliponunuliwa, na mwezi ule wa kabla ya msiba aliibadilisha oili mwenyewe, kwa hiyo hakuwahi kuniuliza habari zake. Nilipopeleka salamu kwamba nahitaji msaada wake, alianza kupita kwetu asubuhi akienda kazini. Mimi na shangazi tuliitoa mashine chumbani hadi uani, yeye akasimama nje ya ua wa makuti, na tukazungumza kupitia makutini.

"Dada, nisaidie nielewe," aliniuliza siku ya kwanza. "Nikikuona itakuwaje?"

"Haitakuwa kitu. Lakini hutaniona."

"Na sauti yako nasikia."

"Sauti ni ya kazi. Haya, sema nianze wapi."

Tulianza vibaya kama wote wanaoanza. Niliiwasha, injini ikanguruma vizuri, mkanda ukazunguka, na mshale wa geji haukusogea hata unywele. Fundi akauliza kama nimetoa kitambaa mdomoni mwa pampu. Sikuwa nimetoa. Nilikitoa, mshale ukapanda kidogo ukakwama. Akasema nikaze mkanda hadi ukiubonyeza kwa kidole gumba uingie ndani kiasi tu. Nikakaza, mshale ukapanda tena, lakini nikizima injini unashuka polepole. "Hapo kuna pumzi inatoka," alisema. "Koroga sabuni, upake povu kila kiungo. Litakapochemka ndipo palipotoboka." Nilipaka povu mashine nzima, nikaikuta pumzi kwenye mpira. Panya walikuwa wameutafuna palepale ulipopinda, kwa sababu mimi nilikuwa nimeukunja badala ya kuutundika. Nikapafunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli, nikaona mshale unapanda na kukaa.

Ilikuwa mwisho wa masika na joto bado halijatuacha. Fundi alipiga makofi huko nje, na mimi nikamwambia awahi kazini asije akafukuzwa kwa ajili ya mjane wa watu. Nilijiona nimeshashinda.

Kisha kikaingia kipupwe. Wanaoijua Dar es Salaam wanajua asubuhi zile za Juni na Julai, upepo wa kusini unapovuma na wazee wanavaa makoti juu ya kanzu. Asubuhi moja niliizungusha pampu kwa mkono, ikakataa. Haikukataa kabisa, ilikuwa nzito, kama mtu aliye ndani ameshikilia upande wa pili. Nikaiwasha injini. Ikashika, ikanguruma, lakini mkanda ulipoivuta pampu ulipiga kelele, ukateleza, na injini ikazimika. Niliwasha tena, ikazimika tena. Fundi kutoka nje akasema plagi. Nikasafisha plagi. Akasema petroli ya zamani. Shangazi akamwomba jirani petroli mpya. Ikazimika.

Alasiri, fundi akiwa kazini na mimi nimeshakata tamaa ya siku ile, niligusa gurudumu kwa hasira tu. Lilizunguka kama halikuwahi kugoma. Nikaiwasha, tangi likajaa, mshale ukafika mwisho wa mstari wake. Shangazi alisimama jikoni na mwiko mkononi, akanitazama mimi, akaitazama mashine.

Kesho yake asubuhi, fundi yuko makutini, ikagoma. Na siku iliyofuata, hivyohivyo.

"Mie nimeshajua," shangazi alisema usoni amekunja ndita. "Mwenyewe hataki."

"Mwenyewe nani?"

"Marehemu. Mkiwa wawili peke yenu inakubali. Akija mwanamume mwingine inagoma. Ni wivu, mwanangu."

Nilimwambia mume wangu hakuwa na wivu hata wa makubadhi yake, kila mgeni aliyekuja aliyavaa akaenda nayo chooni. Shangazi hakunisikiliza. Alifukiza ubani kuizunguka mashine, akaisomea, akaiomba radhi kwa niaba yangu na ya fundi. Habari hazikukaa ndani. Zilipita kwa jirani aliyetupa petroli, zikafika sokoni, na sijui kwa njia gani zikafika Boko. Shemeji aliagiza salamu kwamba kama mashine imeingiwa na kitu, afadhali tuuze mapema. Nilirudisha salamu kwamba sharti ni lilelile na siku ni ileile.

Jumapili moja fundi alitoka kanisani akaja moja kwa moja, na safari hii aliingia uani. Mimi nilijifungia chumbani na kutazama ukuta. Jua lilikuwa la adhuhuri, kali kwa kipupwe. Nilimsikia akivuta kamba mara moja tu. Injini ikashika, mkanda ukanyamaza, pampu ikafanya kazi bila kusita, na baada ya muda vali ya tangi ikafyatua pumzi iliyozidi.

"Mashine nzima, dada," alisema kupitia mlangoni. "Mnanichezea?"

"Na wivu je?" nilimwuliza shangazi.

"Alikuwa amelala," alinijibu, wala hakucheka.

Fundi alisema basi ni unyevu wa asubuhi unaoingia kwenye plagi, nikaikaushe kwa moto kabla ya kuwasha. Kuifungua pampu nzima hakutaka. Mashine ikijaza upepo vile, mtu mwenye akili haifungui siku chache kabla ya kuhukumiwa. Asubuhi nilikausha plagi hadi ikaniunguza vidole, na injini ikazimika vilevile. Nikakaa chini uani nikaitukana ile mashine matusi ambayo mjane katika eda hafai kuyajua. Kisha nikainuka, kwa sababu kukaa chini hakukusaidia. Nilijaribu kuifunika gunia mbili. Nilijaribu kuilaza jikoni kabisa, lakini shangazi aliogopa petroli na moto, na katika hilo alikuwa sahihi. Kila asubuhi nilijifunga kibwebwe nikavuta kamba ile mpaka mkono ukavimba. Nilijua jambo moja tu, kwamba mashine haikuwa na ugonjwa, ilikuwa na saa. Saa yake na saa ya shemeji hazikukutana, na mimi sikuwa na hila ya kulichelewesha lori la nazi.

Asubuhi ya kutoka eda shangazi aliamka kabla yangu. Alibandika debe la maji jikoni, akatia majani ya mrehani, na maji yalipokuwa yakichemka akanipangia vitu kitandani: doti mpya ya kanga, udi, wanja, na ile chupa ya pili ya mafuta ya nazi iliyokaa dirishani tangu masika. Nje kulikuwa na baridi, na upepo wa kusini uliutikisa moto wa taa. Mashine ilikuwa uani, na nilikuwa nimeshaligusa gurudumu lake. Zito. Huko barabarani nilisikia lori likisimama na sauti ya shemeji ikipiga hodi kwa jirani ili wasubiri.

Sikulia. Niliketi kwenye kigoda na kufungua nywele, kwa sababu ndivyo alivyoniamuru shangazi, na moyoni nikawa nashindana na shemeji maneno ambayo bado hajayasema.

Shangazi alichukua chupa, akaizibua, akaiinamisha juu ya kiganja chake. Hakikutoka kitu. Akaigonga kitako. Akaitikisa. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, yamekaa ndani ya chupa bila kutikisika.

"Baridi hii," alisema. "Ngoja niyaweke kando ya moto, yatayeyuka sasa hivi."

Niliitazama ile chupa mkononi mwake. Niliitazama nyingine tupu, ambayo mafuta yake yaliingia tumboni mwa mashine, nayo bado ilikuwa dirishani. Nilijisikia mjinga na mwenye furaha kwa wakati mmoja, na sikumbuki kama nimewahi kuinuka kigodani kwa kasi ile tangu nizaliwe. Nilikwenda jikoni, nikafunga mikono kwa kanga, nikaliepua debe.

"Hayo ya kuogea," shangazi alisema.

"Najua."

"Ya kukutolea eda, mwanangu. Nimeyasomea."

"Basi ni vizuri zaidi."

Nilifunika plagi kwa kitambaa, nikaanza kumwagia pampu maji yale, polepole, kata kwa kata, kwanza tumboni, kisha kichwani kwenye vali, kisha tumboni tena. Mvuke ulipanda uani ukanuka mrehani. Shangazi alikuwa amefungua mdomo wa kunizuia. Kisha akainusa harufu nyingine iliyokuwa ikija chini ya mrehani, harufu ya nazi, na akaelewa. Alilishika gurudumu kwa mikono yake miwili minene akaanza kulizungusha. Mwanzo lilisogea kidogo. Kisha likazunguka nusu. Debe lilipobaki tupu, gurudumu lilikuwa likienda lenyewe.

"Kumbe maskini hakuwa na wivu," alisema.

Hapakuwa na muda wa kuchemsha maji mengine, maana pampu ingeanza kupoa. Shangazi alichota ya mtungini, yaliyolala nje usiku kucha, akanitamkisha nia na kunimwagia kichwani. Nilikata pumzi. Alinifunga kanga mpya mwili ukiwa bado unachuruzika, akanirushia buibui, na tukaikokota mashine sote wawili kupitia mlango wa ua mpaka kando ya barabara, mahali pake pa siku zote.

Shemeji alikuwa amesimama karibu na lori, na ndugu zake wawili, na yule fundi aliyekuja kushuhudia kabla ya kazi. Fundi aliniona kwa mara ya kwanza tangu msiba, akatazama chini upesi, labda bado hakuwa na hakika itakuwaje. Shemeji alionyesha gurudumu la nyuma la lori, lililokuwa limebonyea. Alinyoosha mkono aivute kamba ya injini.

"Niache mie, shemeji," nilisema.

Nilivuta. Injini ikakohoa, ikashika. Mkanda uliivuta pampu, ukalia kidogo. Kisha ukanyamaza, na pampu ikaanza kupiga.

Na hapo, mbele ya wanaume wale wote, nililia. Katika eda nzima nililia kama wajane wote wanavyolia, kwa wakati wake na pamoja na waliokuja kulia nami. Hiki kilikuwa kilio kingine. Ule ndio ulikuwa mlio wenyewe, saa yake ileile, mahali pake palepale, ile kelele niliyomlalamikia mume wangu asubuhi zote za ndoa yetu, na yeye hakuwepo kuambiwa kwamba nimeupenda. Machozi yalinitoka na mkono wangu ulikuwa kwenye mpira. Nilitia kichwa cha mpira kwenye gurudumu, nikasikia upepo unaingia, na lori likaanza kuinuka taratibu upande ule.

Shemeji alilipiga gurudumu teke mara mbili. Aligeukia ndugu zake, akawauliza kama wameona, wakasema wameona. Kisha akanitazama mimi.

"Ni yako, shemeji," alisema. "Mie sina neno. Lakini mbona unatetemeka hivyo? Hofu imeshakwisha."

"Si hofu," nilimwambia. "Nimeoga maji baridi."

Hakuelewa, na sikumweleza. Aliteremsha kopo la oili kutoka kwenye lori, lile alilokuwa ametunza, akaliweka karibu na miguu yangu, na wakaondoka. Fundi aliinamia pampu, akainusa, akasema atapita jioni aimwage ile nazi yote na kutia oili ya kweli, kisha akakimbilia kazini akicheka peke yake barabarani.

Shangazi alinifuata akichechemea na ile chupa mkononi. Mafuta yalikuwa yameshayeyuka na kung'aa. Nywele zangu, hata zilipolowa, zilikuwa ngumu kama ukili wake, miezi minne na siku kumi hazijaguswa na mafuta, na yeye alitaka kuimaliza kazi aliyoijia kutoka Mbagala.

"Njoo ndani nikupake," alisema. "Umeshatoka eda, mwanangu. Jitazame."

Nikamwambia asubiri. Huko chini, upande wa mjini, kulikuwa na lori jingine linakuja, na dereva wake alikuwa ameshatoa mkono dirishani akiuliza kama upepo upo.